Kifundo cha Mkono Kilichoandikwa Mguuni: Uchambuzi wa Kisa cha Mwingereza Aliyejifunza Kiswidi Kazini

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinachochambuliwa hapa kinamhusu mwanamke mmoja, mzaliwa wa Uingereza na mtaalamu wa fiziotherapia, aliyehamia kusini mwa Uswidi kwa sababu ya ndoa na kulazimika kukijua Kiswidi kwa kiwango cha kuandika kumbukumbu za wagonjwa. Jina lake, mji alioishi, kituo alichofanyia kazi na shule aliyosoma vimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa lugha yamebadilishwa. Hapa ataitwa R. Mwandishi ni msemaji wa Kiswahili anayefundisha Kiswidi kwa watu wazima, na alimfahamu R. alipoombwa kumsaidia katika mazoezi ya kuandika.

Kisa kimechaguliwa kwa sababu kinagusa imani iliyoenea kwamba msemaji wa Kiingereza hukipata Kiswidi kwa wepesi. Imani hiyo ina msingi. Taasisi ya Foreign Service Institute, ambayo huwafunza lugha wanadiplomasia wa Marekani, inakiweka Kiswidi katika kundi la lugha zilizo rahisi zaidi kwa Mmarekani, kwa makadirio ya wiki 24 hivi za masomo, ilhali Kiswahili kimekadiriwa wiki 36. R. aliyafahamu makadirio hayo kabla ya kuhama na aliyatumia kupanga lini angerudi kwenye taaluma yake. Uchambuzi huu unadai kwamba ukaribu wa lugha hizo mbili ndio uliomchelewesha, kwa kuwa ulimpa ufahamu wa haraka uliomfanya asione, na waliomzunguka wasione, ni mambo mangapi ya sarufi aliyokuwa ameyaruka.

Usuli

Nchini Uswidi leseni ya kazi za afya hutolewa na mamlaka iitwayo Socialstyrelsen, na miongoni mwa masharti yake ni ujuzi wa Kiswidi wa kiwango cha C1, cha pili kutoka juu katika mizani ya lugha ya Ulaya. Njia moja ya kuuthibitisha ujuzi huo ni kufaulu kozi ya juu ya Kiswidi kama lugha ya pili, maarufu kama Svenska som andraspråk 3, katika elimu ya watu wazima inayotolewa na manispaa. Njia nyingine ni mtihani wa Tisus, unaofanywa na wanaotaka kuingia chuo kikuu. Masharti mengine ya leseni hayahusiki na uchambuzi huu.

Kabla ya kuifikia kozi hiyo ya juu, mhamiaji huanza na SFI, yaani Kiswidi kwa wahamiaji, ambayo ina kozi nne, kutoka A hadi D, na njia tatu kulingana na elimu aliyokuja nayo mwanafunzi. R., akiwa na shahada, aliwekwa katika njia ya tatu, ile iendayo kasi, akaanza na kozi ya C na kumaliza D chini ya mwaka mmoja. Kozi ya D humfikisha mwanafunzi kwenye kiwango cha B1 hivi, yaani mtu anayeweza kueleza mambo ya kawaida ya maisha lakini bado hajaweza kuandika ripoti ya kitaalamu.

Nyumbani walizungumza Kiingereza. Mumewe, Mswidi, walikutana naye Uingereza, na ndoa yote ilijengwa katika lugha hiyo. Jambo hili linaonekana dogo, lakini litarudi baadaye.

Mwaka wa kwanza

R. alisoma kwa bidii. Alitumia programu ya kadi za maneno kwenye simu, upande mmoja neno la Kiswidi na upande wa pili tafsiri ya Kiingereza, akakusanya maelfu ya kadi. Alisoma kila wiki gazeti la 8 Sidor, linaloandikwa kwa Kiswidi chepesi. Alifurahishwa na mambo ambayo humfurahisha kila Mwingereza: kitenzi cha Kiswidi hakibadiliki kwa nafsi, kwa hiyo "jag är", "du är" na "de är" zote zina "är" ileile, na maneno mengi ya mwili karibu yanafanana, kwa mfano "arm", "hand", "finger", "fot" na "knä". Ufanano huo si bahati, kwani lugha zote mbili ni za jamii ya Kijerumaniki, na juu ya hapo Kiingereza kilikopa mamia ya maneno kutoka kwa Waskandinavia waliolowea Uingereza enzi za Waviking.

Darasani alisifiwa. Alisoma makala haraka kuliko wenzake waliotoka katika lugha za mbali, akaelewa maswali ya mtihani, akajibu. Hata hivyo, ukizitazama leo kazi zake za wakati ule, unaona dosari zilezile zikijirudia. Nomino ziliandikwa bila jinsia yenye uhakika. Kikanushi "inte" kiliwekwa mahali pake pa Kiingereza. Sentensi iliyoanza na neno la wakati iliendelea kwa mpangilio wa Kiingereza, yaani "Igår jag gick" badala ya "Igår gick jag". Mwalimu alisahihisha, R. alielewa sahihisho, na wiki iliyofuata kosa lilirudi. Kwa kuwa maana ilieleweka daima, hakuna aliyeona dharura.

Kazini: matukio kwa mfuatano

Baada ya SFI aliajiriwa kama msaidizi katika kitengo cha kuwarudishia wagonjwa uwezo wa viungo, huku akisubiri kutimiza masharti ya leseni. Matukio manne ya miezi ya mwanzo yanatosha kuonyesha hali ilivyokuwa.

La kwanza lilikuwa la kuchekesha. Alimwelekeza mzee mmoja kwenye kiti na kusema "Sitt!" kwa sauti ya uchangamfu. Neno hilo si kosa la sarufi, lakini likitamkwa peke yake ndilo ambalo Waswidi huwaamrishia mbwa. Mzee alicheka, akakaa. Kiswidi hutofautisha hali ya kuwa umekaa, "sitta", na tendo la kujikalisha, "sätta sig", kama kinavyotofautisha "ligga" na "lägga sig", "stå" na "ställa sig". Mtu anayefanya kazi ya kuwaelekeza wagonjwa wakae, walale na wasimame anahitaji jozi hizo tatu kila dakika kumi. Kadi za R. zilikuwa na neno moja tu kwa kila tafsiri ya Kiingereza.

La pili lilileta usumbufu. Daktari alisema mbele ya R. na mgonjwa kwamba nyonga ingepigwa picha "eventuellt". Neno hilo lina maana ya "huenda". R. alilisikia kama neno la Kiingereza "eventually", ambalo lina maana ya "hatimaye", akamhakikishia mgonjwa kwamba barua ya miadi itakuja. Mgonjwa alisubiri, kisha akapiga simu akiwa amekasirika.

La tatu halikuwa tukio moja bali mazoea. R. alikuwa akisema "Lyft din arm" na "Böj ditt knä", yaani "inua mkono wako" na "kunja goti lako". Mswidi husema "Lyft armen" na "Böj knäet", kwa sababu kiungo cha mwili kinachukua kiambishi cha ujulisho, yaani kile cha mwisho wa nomino kinachoonyesha kwamba kitu kinachotajwa kinajulikana, badala ya kimilikishi. Vivyo hivyo mgonjwa hasemi "mgongo wangu unauma" bali "Jag har ont i ryggen", "nina maumivu mgongoni". Msomaji wa Kiswahili anaweza kutabasamu hapa, maana nasi husema "mgongo unaniuma" na hatuhisi haja ya kutaja ni wa nani. Wagonjwa walimwelewa R., ila kila agizo lilisikika kama la mgeni, na wengine walianza kumjibu kwa Kiingereza.

La nne ndilo lililobadilisha mambo. Mgonjwa aliyeteleza kwenye barafu alikuja na maumivu ya kifundo cha mkono. R. aliandika katika kumbukumbu kwamba maumivu yako katika "höger vrist". Neno "vrist" linafanana na "wrist" la Kiingereza, na kwa historia ni ndugu, lakini katika Kiswidi cha leo linataja sehemu ya juu ya mguu inayokutana na kifundo. Kifundo cha mkono ni "handled", neno lililounganishwa kutoka "hand", mkono, na "led", kiungo, na ambalo machoni mwa Mwingereza linafanana na kitenzi chake kisichohusiana kabisa na mwili. Mwenzake aliyepangiwa kumpokea mgonjwa siku iliyofuata aliandaa mazoezi ya mguu. Hitilafu iligunduliwa mgonjwa alipoketi na kunyoosha mkono wake uliovimba. Hakudhurika, lakini mkuu wa kitengo aliamua kwamba kila alichoandika R. kisomwe na mtu mwingine kabla ya kuhifadhiwa. Kwa mtaalamu mwenye uzoefu wa miaka mingi, uamuzi huo ulimuuma kuliko kosa lenyewe.

Maamuzi na sababu zake

Hapo ndipo R. alipotafuta msaada. Alikuja akiwa na pendekezo lake mwenyewe, nalo lilikuwa kuongeza maneno. Alidhani tukio la "vrist" lilikuwa pengo la msamiati, na alitaka orodha kubwa zaidi ya istilahi za tiba. Tulisoma pamoja kumbukumbu kadhaa za mfano alizoziandika bila taarifa za wagonjwa, na picha iliyojitokeza ilikuwa tofauti. Maneno alikuwa nayo mengi kuliko wanafunzi wengi wa kiwango chake. Alichokosa ni kuyajua kwa namna ambayo Kiswidi kinayatumia. Iliamuliwa kwamba kadi zote zenye tafsiri ya Kiingereza ziwekwe kando, uamuzi ambao aliukubali kwa shingo upande kwa sababu zilikuwa kazi ya mwaka mzima.

Badala yake alianza upya na orodha fupi ya viungo vya mwili na vifaa vya kitengo, kila nomino ikiandikwa kwa maumbo yake manne: "ett knä, knäet, knän, knäna", "en fot, foten, fötter, fötterna", "ett öra, örat, öron, öronen". Kiswidi kina jinsia mbili za nomino, ile ya "en" na ile ya "ett", na takriban robo tatu ya nomino ni za "en". Mwingereza akisikia takwimu hiyo huamua kubahatisha "en" kila mahali. Ubahatishaji huo una gharama, kwa sababu jinsia haikai katika kitangulizi peke yake. Huingia katika kiambishi tamati cha ujulisho, katika kivumishi na katika kiwakilishi. Goti lililovimba ni "ett svullet knä", na ukilitaja kwa ujulisho linakuwa "det svullna knäet". Mguu uliovimba ni "en svullen fot", na kwa ujulisho "den svullna foten". Anayekosea jinsia ya "knä" atakosea mara mbili katika kirai kimoja. Ilionekana afadhali ajue nomino 200 kikamilifu kuliko 3,000 zilizo uchi.

Picha ya kila kiungo ilichukua nafasi ya tafsiri. Kwa "handled" alichora mkono wake mwenyewe, na kwa "vad", shavu la mguu, ambalo pia ni neno la kuulizia "nini", alichora mguu wa mumewe. Hatua hii ilikusudiwa kuzuia neno la Kiingereza lisiwe mlango wa kuingilia kila wakati.

Kuhusu mpangilio wa sentensi, tulitumia jedwali la visanduku ambalo lina asili katika kazi ya mwanaisimu wa Denmark, Paul Diderichsen, na ambalo hutumika sana katika ufundishaji wa lugha za Skandinavia. Kisanduku cha kwanza kinaweza kubeba kiima, neno la wakati, au hata kishazi kizima, lakini cha pili ni cha kitenzi na hakuna kingine kinachoruhusiwa kuingia hapo. Katika kishazi tegemezi hali hubadilika: "inte" hutangulia kitenzi chenye njeo. Kwa hiyo "Patienten kan inte böja knäet" inakuwa, baada ya "säger att", "Patienten säger att hon inte kan böja knäet". Waalimu wa Kiswidi huifupisha kanuni hiyo kwa neno BIFF, linaloundwa na herufi za mwanzo za sentensi inayoieleza. R. aliijua BIFF kwa ulimi tangu SFI. Alichohitaji ni mkono wake uizoee, na kwa majuma kadhaa aliandika kila sentensi ya mazoezi ndani ya visanduku kabla ya kuiandika kwa mstari.

Uamuzi mwingine ulihusu watu waliomzunguka. Waswidi wengi huzungumza Kiingereza vizuri, na wenzake walibadili lugha mara tu aliposita, wakidhani wanamfanyia hisani. R. aliomba mkutano mfupi na kueleza kwamba anahitaji wakati wa kutafuta neno. Walikubaliana kwamba Kiingereza kisitumike mpaka mapumziko ya kahawa ya asubuhi, yale yaitwayo "fika", yamalizike, na kwamba akikosea jambo linalogusa matibabu asahihishwe papo hapo, mengine yaachwe. Mpaka huo wa mwisho uliwekwa kwa makusudi, kwani mtu anayesahihishwa kila neno huacha kusema.

Nyumbani alijaribu jambo kali zaidi: kuacha Kiingereza kabisa na mumewe. Haikudumu. Mume alijikuta akigeuzwa mwalimu katika chakula cha jioni, R. alijikuta hana namna ya kueleza hasira wala mzaha katika lugha ambayo bado aliiendea kwa visanduku, na baada ya majuma machache wote wawili waliacha bila kujadiliana. Kilichosalia ni saa moja ya jioni ambapo walisikiliza pamoja taarifa ya habari ya redio kwa Kiswidi na kuizungumzia.

Ilifikiriwa pia kozi ya kulipia ya kutwa katika mji mwingine. Ilikataliwa kwa sababu ya gharama, na pia kwa sababu ingemtoa katika mahali pekee ambapo Kiswidi chake kilikuwa kikijaribiwa kweli.

Adabu, ambayo haikuwamo katika mpango

Jambo moja lilijitokeza njiani bila kupangwa. R. alilalamika kwamba Kiswidi hakina adabu. Aliitafuta namna ya kuambatanisha "tafadhali" na kila ombi, kama Kiingereza kinavyofanya, akawa anajenga sentensi ndefu za kubembeleza: je, ungeweza labda kufikiria kupanda kitandani. Wagonjwa wazee walichanganyikiwa, wasijue kama wanaombwa au wanaulizwa. Kiswidi hakina neno moja linalofanya kazi hiyo kila mahali. Kuna "tack" mwishoni mwa ombi fupi, kuna "är du snäll", kuna "skulle du kunna", na mara nyingi sana kuna sentensi ya kawaida iliyosemwa kwa sauti tulivu: "Du kan lägga dig på britsen". Adabu imebebwa na sauti na umbo la sentensi.

Zaidi ya hilo, kila mtu huitwa "du", awe daktari mkuu au mgonjwa wa miaka 90. Haikuwa hivyo zamani. Hadi miaka ya 1960 Waswidi waliitana kwa vyeo na majina ya ukoo, na mageuzi yanayohusishwa na "du" yanakumbukwa kwa jina la Bror Rexed, ambaye mwaka 1967, alipochukua uongozi wa mamlaka ya tiba ya nchi, aliwatangazia wafanyakazi wake kwamba angewaita wote "du". Kwa mtu wa pwani yetu, aliyelelewa kumwamkia mzee shikamoo kabla ya neno lingine lolote, hali hiyo inahitaji kuzoewa kwelikweli. Mwingereza, ambaye naye ana "you" moja tu, haoni ugumu wowote katika kiwakilishi chenyewe. Ugumu wake ulikuwa katika kuuacha ubembelezaji unaokizunguka.

Matokeo

Ndani ya nusu mwaka mkuu wa kitengo aliondoa sharti la kusomewa kumbukumbu. Jinsia za nomino za kazini zilikuwa sahihi karibu daima, mpangilio wa vishazi ulitulia, na agizo la "Lyft armen" lilimtoka bila kufikiri. Baadaye R. alifaulu Svenska som andraspråk 3 kwa alama ya C, katika mizani ambayo E ndiyo ya chini kabisa ya kufaulu, na sharti la lugha la leseni likatimia. Tangu alipohama hadi kufika hapo ilikuwa imepita miaka mitatu hivi, zaidi ya mara mbili ya muda aliokuwa amejipangia.

Yapo yaliyobaki. Kimilikishi kirejeshi "sin" kilimsumbua hadi mwisho. "Patienten bor med sin fru" ni sahihi, kwa maana ya mgonjwa kuishi na mke wake mwenyewe, ilhali "hans fru" mahali hapohapo ingemweka mgonjwa na mke wa mtu mwingine. Lakini katika "Patienten och hans fru", "sin" haiwezi kutumika, kwa kuwa haikubaliki ndani ya kiima. Simu pia ilibaki ngumu, hasa wazee wa Skåne, jimbo la kusini kabisa mwa Uswidi, ambao huivuta "r" kooni na kuzipinda irabu kwa namna ambayo sauti za vitabu vya masomo hazikumwandaa, na ambao hutumia maneno yao, kama "påg" kwa mtoto wa kiume. Alipata pia shida na wagonjwa waliosema "sjukgymnast", jina la zamani la taaluma yake mwenyewe, ambalo rasmi lilibadilishwa kuwa "fysioterapeut" mwaka 2014 lakini halijatoka vinywani mwa watu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni ya mwandishi, ni kupunguza. Orodha fupi yenye maumbo kamili ilimlazimisha R. kulipa mapema gharama ambayo kadi zake zilikuwa zikiiahirisha. Kadi yenye "knä" upande mmoja na "knee" upande wa pili humpa mtu hisia kwamba amejua neno, wakati amejua tu kwamba anaweza kulitambua. Mwanafunzi wa lugha ya mbali haangukii mtego huo kwa urahisi, kwa sababu neno geni kabisa humdai kazi tangu siku ya kwanza.

Maneno ya kuhadaa, yaani yanayofanana na ya Kiingereza kwa umbo lakini si kwa maana, yanastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu vitabu huyachukulia kama vichekesho. Kila mwongozo wa Kiswidi kwa Waingereza hutaja "barn", mtoto, "bra", nzuri, na "gift", ambalo ni sumu na pia aliyeoa au kuolewa. Maneno hayo hayana madhara yoyote. Yakitafsiriwa kwa Kiingereza, sentensi inakuwa upuuzi na msikilizaji anashtuka mwenyewe. Hatari iko kwa neno ambalo maana yake potofu inaketi vizuri ndani ya sentensi: "eventuellt" mbele ya mpango wa tiba, "vrist" katika maelezo ya maumivu, "semester", ambalo ni likizo, katika mazungumzo na mwanafunzi. Orodha ya kufundishia ingepangwa kwa kigezo hicho, na mwalimu wa fani fulani ataipata kwa kuwauliza wafanyakazi wa fani hiyo.

Makubaliano na wenzake yalifanikiwa kwa sababu yalikuwa na mwisho wa saa. Marufuku ya nyumbani yalishindwa kwa kukosa mwisho, na kwa kuigusa lugha ya ndoa, ambayo haikuwa na tatizo. Wapo waalimu wanaowashauri wanafunzi wageuze nyumba kuwa darasa. Kisa hiki kinampa mwandishi sababu ya kuwa na shaka na ushauri huo, hasa kwa mtu ambaye tayari anatumia saa nane kazini katika lugha asiyoimudu.

Upande wa matamshi ulihitaji kuchagua. Kiswidi kina toni mbili za maneno, na mfano wa vitabuni ni "anden", ambalo kwa toni moja ni yule bata na kwa nyingine ni ile roho. R. alitaka kuishughulikia, mwandishi alimshauri aiache. Waswidi wa Finland kwa kawaida hawana tofauti hiyo ya toni, na wanaeleweka kote Uswidi. Urefu wa irabu ni jambo lingine kabisa, kwani hutenganisha "vila", kupumzika, na "villa", nyumba; "tak", paa, na "tack", asante; "glas", gilasi, na "glass", aiskrimu. Mtaalamu anayewaambia wagonjwa wapumzike mara ishirini kwa siku hawezi kuuahirisha. Mkazo wa vitenzi vyenye vijineno pia ulipewa muda: "hälsa på" yenye mkazo kwenye "på" ni kumtembelea mtu, na yenye mkazo kwenye "hälsa" ni kumsalimu.

Mahali ambapo mpango ulishindwa waziwazi ni usikivu. Karibu kila kitu kilipangwa kwa ajili ya kuandika, kwa kuwa kuandika ndiko kulikozua tatizo, na R. alibaki akisikiliza sauti za redio ya taifa wakati wagonjwa wake walizungumza Kiskåne. Kurekodi, kwa idhini, mazungumzo ya wenyeji wa mji uleule na kuyafanyia mazoezi kungemsaidia kuliko saa nyingi za habari. SFI nayo ilimpitisha kwa kasi iliyopimwa kwa shahada yake na wepesi wake wa kusoma. Njia ya tatu inamfaa mtu mwenye mazoea ya shule, lakini haitofautishi kati ya anayekwenda haraka kwa kuwa ameelewa na anayekwenda haraka kwa kuwa lugha yake inafanana na anachosoma.

Kwa wanaopitia Kiingereza

Wakenya, Watanzania na Waganda wengi walioko Uswidi hujifunza kwa programu na vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza, na hivyo hurithi makosa ya R. pasipo sababu. Msemaji wa Kiswahili tayari anajua kwamba nomino hutawala kivumishi, maana hawezi kusema "kiti mkubwa", na wazo la "svullet knä" na "svullen fot" halipaswi kumshangaza. Anatofautisha kuona, kudhani na kufikiri, tofauti inayokaribiana sana na "tycka", "tro" na "tänka", ambazo Kiingereza huzirundika katika neno moja. Anamtenga mjomba na baba mdogo, kama Mswidi anavyotenga "morbror" na "farbror", na shangazi na mama mdogo kama "faster" na "moster". Mwanafunzi wa namna hiyo angefanya vyema kuandika maelezo yake pembeni ya kitabu kwa Kiswahili hata kama kitabu ni cha Kiingereza.

Kiambishi cha ujulisho na kanuni ya kitenzi nafasi ya pili hatavipata katika lugha yoyote kati ya hizo mbili, na atahitaji visanduku kama R. Urefu wa irabu utamgharimu zaidi ya ulivyomgharimu Mwingereza, kwa kuwa Kiswahili huivuta silabi ya pili kutoka mwisho katika karibu kila neno, na mkazo huo ukihamia Kiswidi "villa" zote hutamkwa "vila". Mazoezi ya jozi hizo, kwa sikio kwanza kisha kwa mdomo, yaanze katika juma la kwanza.